Gari Lina Miaka Mingapi? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Mwaka wa Kutengenezwa, Bei na Bima

Nimeonyeshwa gari jipya kabisa kwenye shorumu moja hapa Dar. Lina kilometa 14 tu, viti bado vina nailoni. Lakini kibati cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 05/2024. Muuzaji anadai kwa kuwa halijawahi kusajiliwa popote, linahesabika ni la 2026. Nimwamini? Na je, nina haki ya kudai punguzo? (Msomaji, Tegeta)

Usimwamini. Gari ni jipya kwa maana ya kutotumika, hilo halina ubishi, lakini umri wake kwenye karatasi umeshaanza kuhesabika. Kadi ya gari ina mahali pa mwaka wa kutengenezwa, na hapo patakaa 2024. Siku utakayoliuza, mnunuzi hatakuuliza ulilitoa shorumu lini. Atafungua kadi, atasoma 2024, na mazungumzo ya bei yataanzia hapo.

Punguzo lidai, tena kwa hesabu. Chukua matangazo sita au saba ya modeli hiyohiyo iliyotumika, ya miaka miwili inayofuatana, yenye kilometa zinazokaribiana. Tuseme za 2021 zinauzwa kwa wastani wa shilingi milioni 46 na za 2020 milioni 43. Basi mwaka mmoja kwenye modeli hiyo una bei ya milioni 3 hivi. Gari lako limechelewa miaka miwili, kwa hiyo anzia milioni 6. Ukiishia kwenye 4 na matairi mapya juu yake, hujafanya vibaya. Kapeti na kufunikwa vioo tinti si punguzo.

Uzito wa jambo hili unategemea utakaa na gari muda gani. Anayebadilisha kila baada ya miaka mitatu ataumia, maana atauza gari la miaka mitano lililotumika kwa mitatu tu. Anayekaa nalo miaka kumi hataona tofauti kubwa: kufika hapo mnunuzi anaangalia injini, gia boksi, kutu na daftari la sevisi kuliko huo mwaka mmoja au miwili.

Kabla ya kulipa, kumbuka kwamba gari lililosimama yadini miezi ishirini na kitu huchoka hata bila kutembea, hasa kwa joto na chumvi ya pwani. Pima betri asubuhi, injini ikiwa imezimwa usiku kucha: iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.4 baada ya muuzaji kusema ameichaji, ujue imelala muda mrefu bila chaji na sahani zake zimeanza kuota salfa, hivyo idai mpya. Matairi soma tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na DOT: 1824 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2024. Yakisimama sehemu moja muda mrefu hupata bapa upande wa chini, na utalisikia kama mtetemo kwenye usukani ukifika kilometa 80 kwa saa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo yabadilishwe kabla ya kukabidhiwa gari, pamoja na oili ya injini.

Jambo la mwisho kwako, ambalo wengi hulisahau, ni waranti. Kwa kawaida huanza siku ya makabidhiano, si siku gari lilipotoka kiwandani. Lakini wapo wauzaji wanaoingiza gari kwenye mfumo kama limeshauzwa ili kufikia lengo lao la mauzo, na waranti ikaanza kukimbia gari likiwa bado limekaa kwenye vigae vya shorumu. Taka tarehe ya kuanza iandikwe kwenye kitabu cha waranti na kupigwa muhuri mbele yako.

Nanunua Toyota Axio mkononi mwa mtu. Ni namba E, na dalali anasisitiza kuwa "namba mpya, gari mpya". Kadi inasema 2017. Karatasi ya Japan aliyonionyesha ina herufi za kwao na tarakimu 30. Nifuate kipi? (Msomaji, Arusha)

Herufi ya namba inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2008 likishushwa bandarini leo litapewa namba ya leo. Namba mpya ina faida yake ya kweli, kwamba gari halijapigwa na barabara zetu miaka mingi, na soko linailipia. Ila si umri.

Gari la Japan lina tarehe tatu: lilipotengenezwa, liliposajiliwa mara ya kwanza kule, na liliposajiliwa hapa. Cheti cha kusafirisha nje cha Japan huonyesha ile ya pili, na mara nyingi huandikwa kwa miaka ya wafalme wao. Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018. Hiyo 30 yako ni Heisei 30, yaani 2018. Kwa hiyo kadi na cheti havipingani: gari lilitengenezwa 2017 likauzwa kwa mwenyewe wa kwanza 2018. Ni jambo la kawaida sana kwa yaliyotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka. Dalali akikuuzia kwa bei ya 2018, mrudishe kwenye kadi.

Usiishie kwenye mwaka, ulizia na mwezi. Axio ya umbo hili ilitoka Mei 2012, ikabadilishwa sura Aprili 2015, kisha tena Oktoba 2017. Maana yake Axio mbili za 2017, moja ya Machi na nyingine ya Novemba, zina nyuso mbili tofauti: bampa, shoo ya mbele na taa. Ya Novemba huuzika haraka na kwa bei nzuri zaidi. Nayo ya Machi ikigongwa mbele, ukaagiza taa kwa kutaja "Axio 2017" tu, duka linaweza kukuletea ambayo haikai. Spea za Japan agiza kwa namba ya chesi nzima, na picha ya taa ya zamani umtumie muuzaji.

Namba ya chesi ya magari ya soko la Japan, ile yenye mfano wa NZE161 ikifuatiwa na kistari na tarakimu saba, haina herufi ya mwaka ndani yake. Ile kanuni inayozungushwa WhatsApp, kwamba herufi ya kumi ndiyo mwaka, ni ya namba za tarakimu 17, hasa za magari yaliyotengenezewa Marekani: L ni 2020, M 2021, N 2022, P 2023, R 2024 na S 2025. Hata hapo inaonyesha mwaka wa modeli, na modeli ya 2025 inaweza kuwa imetengenezwa katikati ya 2024. Toyota nyingi zilizotengenezewa soko la Afrika zina sifuri mahali hapo, usihangaike nayo.

Njia ya mkono ni mikanda. Vuta mkanda wa dereva hadi mwisho wake, kisha angalia lebo iliyoshonwa chini karibu na sakafu; nyingi zina tarehe ya mkanda kutengenezwa. Kwa kawaida hutangulia gari kwa wiki chache au miezi michache. Lebo ya abiria ikisema Julai 2017 na ya dereva Februari 2020, mkanda wa dereva umebadilishwa, na mikanda ya kisasa haibadilishwi bila sababu: mara nyingi ni ajali iliyofyatua eabegi. Hapo acha habari za mwaka, anza kukagua mbavu za mbele na dashibodi. Tarehe za mikanda yote zikiwa baada ya mwaka wa kwenye kadi, kuna mtu amedanganya mahali.

Ni kweli mwaka wa kutengenezwa unaongeza ushuru? Nataka kuagiza mwenyewe. (Msomaji, Dodoma)

Ni kweli, na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, hutazama mwaka wa kutengenezwa, si wa usajili wa Japan. Gari dogo la miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa ajili ya umri; likizidi miaka 10 ni asilimia 30. Asilimia hizo hupigwa juu ya thamani ikiwa imeshajumlishwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, halafu VAT ya asilimia 18 inapanda juu yake.

Chukua gari ambalo TRA imelithamini kwa shilingi 12,000,000. Ongeza forodha 3,000,000, upate 15,000,000. Umri wa asilimia 15 ni 2,250,000, na VAT ya hiyo ni 405,000: jumla 2,655,000. Kwa asilimia 30 inakuwa 5,310,000. Hizo ni za umri peke yake, kodi nyingine bado. Tena thamani ni ya TRA, si ya risiti yako. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti Japan, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, weka mwaka wa kutengenezwa kama muuzaji alivyokuthibitishia kwa maandishi, kisha weka mwaka mmoja nyuma uone pengo. Pengo likiwa kubwa, gari la bei ya chini linaweza kuwa ghali kuliko la juu yake.

Demio iliyotengenezwa 2018, usajili wa kwanza Japan ni Februari 2019. Itaingia Kenya mwaka huu wa 2026? (Msomaji, Mombasa)

Itaingia. Kenya huhesabu miaka minane kutoka usajili wa kwanza, chini ya kiwango KS 1515, na kwa 2026 kikomo ni 2019. Sharti lingine ni kwamba kutengenezwa na kusajiliwa visipishane zaidi ya mwaka mmoja, na wewe uko ndani mradi halikutengenezwa kabla ya Februari 2018. Likaguliwe Japan kabla ya kupakiwa, na liwe limefika Mombasa kabla ya Desemba 31. Meli huchukua mwezi na zaidi, hivyo anayelipia Novemba anacheza pata potea. Ila ukiliuza Nairobi kesho kutwa, litauzwa kama la 2018.

Nina Harrier. Kwenye kadi ni 2014, lakini wakala wa bima aliandika 2015, na kwa miaka mitatu tunahuisha kwa thamani ileile ya milioni 30. Likiibiwa nitalipwa ngapi? (Msomaji, Mwanza)

Hutalipwa milioni 30, isipokuwa mkataba wako uwe wa thamani iliyokubaliwa, na mingi si hiyo. Bima kubwa kwa kawaida hulipa thamani ya sokoni ya gari dakika moja kabla ya kuibiwa, bila kuvuka kiasi kilichoandikwa. Kama Harrier yako leo ni milioni 24, utalipwa 24 ukitoa kiasi unachojibebea mwenyewe kwa mujibu wa mkataba. Na ile milioni 6 ya juu umeilipia bure: kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni shilingi 210,000 kila mwaka, kabla ya VAT.

Usikimbilie upande wa pili ukaandika milioni 18 ili ulipe kidogo. Kama mkataba una kipengele cha uwiano, matengenezo ya milioni 4 yatalipwa kwa sehemu ya 18 kwa 24, yaani milioni 3. Moja ni yako.

Kosa la mwaka lirekebishe wiki hii. Kampuni hutumia mwaka kuamua kama inalikubali gari kwenye bima kubwa (nyingi zina ukomo wa umri), kukagua thamani, na kupanga utachangia kiasi gani spea mpya ikiwekwa mahali pa kuukuu. Aliyekosea ni wakala, lakini fomu ina sahihi yako, na mkaguzi wa madai huanza na kadi. Andika barua fupi, ambatisha nakala ya kadi, omba marekebisho ya maandishi yenye namba ya mkataba. "Nimeshabadilisha kwenye kompyuta" ya simuni haitoshi. Kisha hakiki taarifa kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima nchini. Wakati wa kuhuisha, peleka gari kwa mthamini na uandike thamani yake mpya.

Bima ndogo haina mizunguko hiyo. Inalipa madhara ya watu wengine, kwa hiyo la 2004 na la 2024 za aina moja hulipa sawa.

Kadi imekosewa, inasema 2011 badala ya 2013. Niiache tu? (Msomaji, Morogoro)

Ukiiacha, unauza kwa bei ya 2011. Nenda ofisi ya TRA na cheti halisi cha Japan, nyaraka za forodha za kuingiza gari, kadi yenyewe na kitambulisho, na jiandae gari kukaguliwa chesi. Tanguliza nyaraka za forodha: kama nazo zimeandikwa 2011, kosa lilianzia bandarini, na huko ndiko pa kuanzia. Fanya hivyo kabla hujapata mnunuzi, maana hakuna atakayesubiri.