Nimeibandua ikoni, mbona bado iko kwenye menyu?

Swali: Habari fundi. Nina saiba hapa Kondele, Kisumu, yenye kompyuta nne zilizowekwa Ubuntu 22.04. Menyu ya programu imejaa vitu nisivyovitaka: michezo ya Mahjongg, Sudoku na karata ambayo vijana hushinda wakicheza badala ya kulipia kazi, ikoni kadhaa za eCitizen ambazo wateja wamezitengeneza wenyewe, na programu ya Windows niliyokwisha kuiondoa lakini jina lake limebaki. Nikibandua ikoni kwenye upau wa kushoto, nikifungua menyu naikuta palepale. Tena kuna programu ninazozitumia mimi ambazo sitaki mteja azione. Nifanyeje bila kuharibu mashine?
*Mama wa saiba, Kondele*

Jibu: Salama, mama. Ule upau wa kushoto ni njia ya mkato tu, na ukibandua ikoni pale hujagusa menyu. Menyu yenyewe hujijaza kwa kusoma faili ndogo za maandishi ambazo majina yake huishia na .desktop. Kila ikoni ina faili yake, na ndani yake mna jina la programu, picha yake na amri ya kuifungua. Faili hiyo ni kibao cha duka: kibao chaweza kung'olewa na bidhaa zikabaki ndani, na duka laweza kuhama likaacha kibao. Ndiyo maana shida zako, ingawa zinafanana kwa macho, kila moja ina dawa yake.

Michezo iondoe kabisa, usiifiche. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

`sudo apt purge aisleriot gnome-mahjongg gnome-mines gnome-sudoku`

Kazi hii haili bando hata kidogo. Kabla ya kuanza, kompyuta itakuonyesha orodha ya vitu vitakavyoondoka na kukuuliza kama uendelee. Isome orodha hiyo. Ukiona gnome-shell au gdm3 humo, jibu n, kwa sababu hapo utapoteza sura nzima ya mashine na kubaki na skrini nyeusi yenye maandishi. Na stima ikipotea katikati ya kazi, usianze upya kwa hofu. Washa mashine, andika `sudo dpkg --configure -a`, nayo itamalizia ilipoachia.

Wakati mwingine jina unaloliona kwenye menyu silo jina la kifurushi. Ile programu ya kuchezea video, kwa mfano, kifurushi chake kinaitwa totem. Usibahatishe, iulize kompyuta:

`dpkg -S /usr/share/applications/org.gnome.Totem.desktop`

Jina litakalotokea kabla ya nukta mbili ndilo la kutumia na apt. Isipokuwa programu za Snap, mfumo mwingine wa kuweka programu kwenye Ubuntu, Firefox ikiwemo kwenye toleo lako: hizo apt haizing'oi. Zitazame kwa `snap list`, halafu utumie `sudo snap remove` na jina lake.

Ikoni za eCitizen, kwa kawaida, hutokana na Chrome. Mteja akikubali kuusakinisha ukurasa kama programu, Chrome huandika faili ya .desktop ndani ya akaunti hiyo. Andika chrome://apps pale juu panapoandikwa anwani, bofya kila moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uiondoe. Ile ya Windows ni masalio ya Wine, kile chombo kinachowezesha programu za Windows kufunguka kwenye Ubuntu. Fungua folda ya nyumbani, bonyeza Ctrl na H ili folda zilizofichwa zionekane, kisha ingia .local/share/applications/wine/Programs ufute faili yenye jina la programu hiyo. Hapo hakuna cha kuogopa, kwa kuwa programu yenyewe ilishaondoka.

Sasa zile unazozitaka wewe lakini hutaki wateja wazione. Tuseme ni terminali. Usihariri faili iliyo ndani ya /usr/share/applications, maana sasisho lijalo litaiandika upya na ikoni itarudi. Tengeneza nakala mahali ambapo Ubuntu hupasoma kwanza:

`sudo mkdir -p /usr/local/share/applications`
`sudo cp /usr/share/applications/org.gnome.Terminal.desktop /usr/local/share/applications/`
`sudo nano /usr/local/share/applications/org.gnome.Terminal.desktop`

Amri ya mwisho hukufungulia nakala hiyo uihariri. Ongeza mstari huu:

`NoDisplay=true`

Ukiuweka chini kabisa ya faili hautafanya kazi, na hapa ndipo wengi hukwama. Faili nyingi zina sehemu ya pili inayoanza na [Desktop Action, na chochote kilicho chini yake huhesabiwa kuwa cha sehemu hiyo. Mstari wako ukae mara tu baada ya [Desktop Entry]. Kama NoDisplay tayari imo, badilisha false iwe true. Hifadhi, na ikoni ikigoma kutoweka, toka kwenye akaunti uingie tena.

Utakutana na watu wanaoshauri Hidden=true. Mimi siitumii kwa kazi hii. Hidden huifanya kompyuta ione kana kwamba programu haipo kabisa, kwa hivyo ukiificha hivyo programu ya kusomea PDF, mteja akileta flashi yenye barua ya kuchapisha, PDF haitafunguka kwa programu hiyo tena. NoDisplay huiondoa kwenye menyu tu, na faili huendelea kufunguka kama kawaida.

Ila kuficha si kufunga. Anayejua Ctrl, Alt na T bado ataifungua terminali. Wateja wapewe akaunti ya kawaida isiyo na uwezo wa sudo, yaani wa kutoa amri za msimamizi wa mashine, na nenosiri la akaunti yako lisibandikwe ukutani kama nionavyo kwenye saiba nyingi. Anza na kompyuta moja jioni, uione ikifanya kazi siku nzima kabla ya kuzigusa zile tatu, na usianze wiki ya mwisho ya Juni wakati watu wanakimbizana na ritani za KRA.