Gari ya mbegu isimame wapi, na dereva ajuaje kama amefika?

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Naendesha Fuso. Msimu huu nimekodiwa kupeleka mbegu za mpunga na mbolea bonde la Cheju, kwa trekta lenye mashine ya kupandia kwa mistari. Kazi inanishinda pale pa kurudi nyuma hadi kwenye mashine. Nikisimama mbali, vijana wanalalamika kubeba magunia kwenye tope. Nikisogea, juzi nimeupinda mfuniko wa sanduku la mbegu. Utingo anapiga kelele "njoo, njoo", lakini trekta linanguruma na simsikii. Je, ninunue kamera ya nyuma?

JIBU: Wa alaikumu salaam kaka. Kamera tutaifikia. Kwanza tuulizane kwa nini gari ndiyo inayolifuata trekta.

Udongo wa bondeni Cheju ni kinamo. Ukikauka unapasuka, na ukipata mvua moja ya maana tairi za gari yenye mzigo zinazama. Hata siku ambayo hukukwama, kila unapopita unaushindilia udongo ulioburugwa jana, na meno ya mashine yakifika hapo hayaingii sawasawa. Mbegu zinabaki juu na ndege wanafurahi. Kwa hiyo Fuso ikae kwenye njia ngumu kandokando ya shamba, trekta liifuate. Mwenye trekta akigeuza shingo analiona sanduku la mbegu lote, tena mashine yake akiinyanyua kwa haidroliki anageuka mahali padogo. Wewe nyuma yako una bodi na magunia, huoni kitu.

Mkubaliane pia upande. Tuseme mashine ina upana wa mita 2 na shamba lina urefu wa mita 200: kila safari ni mita za mraba 400, yaani safari kama 10 kwa eka. Sanduku likichukua kilo 120 na mkipanda kilo 30 kwa eka, litatosha eka 4, safari 40. Msingoje liishe. Jazeni baada ya safari ya 36, na hesabu iwe shufwa daima, kwa sababu trekta likianzia upande wako, ni safari shufwa ndizo zinazolirejesha kwako. Mkijaza kwa hesabu ya witiri, sanduku litakuwa ng'ambo ya pili na vijana watalia tena.

Sasa, zipo siku hapana njia ngumu, au trekta limekwama, na lazima wewe ndiye urudi nyuma. Hapo kosa la madereva wengi ni kukisia umbali kwa saitimira. Kile kioo kilichobinuka kinaonyesha sehemu kubwa, lakini kila kitu ndani yake kinaonekana kidogo na cha mbali kuliko kilivyo. Unadhani bado una mita moja, kumbe bodi imeshagusa mfuniko.

Tafuta alama iliyo karibu na jicho lako. Siku isiyo na haraka, mashine iteremshwe chini pahali tambarare, nawe uelekezwe polepole hadi gari ikae inavyotakiwa: mfuniko unafunguka wote bila kugusa bodi, na aliye juu ya gari anamimina bila kujinyoosha. Vuta hendibreki. Usukani wetu uko kulia, basi tazama nje ya dirisha lako na umwambie utingo achomeke kijiti chenye kitambaa chekundu sambamba na kitasa cha mlango, kiasi cha mita moja kutoka ubavuni ili tairi zisikikanyage. Pimeni kwa kamba, kwa mstari wa gari, toka usawa wa sanduku hadi usawa wa kijiti. Pigeni fundo. Kamba hiyo ikae chini ya kiti, maana ni kipimo cha gari yako na mashine ile tu. Fuso ya mwenzako haiwezi kuitumia.

Shambani, utingo anapima kwa kamba na kuchomeka kijiti kabla hujaanza kurudi. Kitasa kikilingana na kitambaa, umefika.

Hiyo ni mbele na nyuma. Kwa kushoto na kulia, chomekeni vijiti viwili virefu mbele ya gari, kimoja nyuma ya chenzake, katika usawa wa kiti chako na si katikati ya gari. Unaporudi nyuma tazama mbele: vikifunikana, umo kwenye mstari, kimoja kikichomoza pembeni, umeanza kupotea. Nahodha anayeingia mlango wa bahari kati ya miamba hufanya hivyohivyo kwa vitu viwili vya nchi kavu.

Utingo asisimame kabisa kati ya gari na mashine. Pahali pake ni penye kijiti, umuone, naye atumie mkono badala ya sauti. Ukimpoteza machoni, simama. Gari ikishasimama weka jiwe kwenye tairi, trekta lizimwe, mashine iwe imeteremka ardhini, ndipo watu wapande. Haidroliki ikilegea na mtu ana gunia la kilo 50 begani, hakuna wa kuidaka.

Mbegu zikiwa zimetiwa dawa, vaeni glavu na barakoa, na kabla ya kuchomeka kijiti angalieni upepo. Wakati huu wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, basi anayemimina aupe mgongo, vumbi liende mbele yake.

Kamera? Ukiwa na pesa nunua, kwa sababu inaonyesha mtoto au mbuzi aliyepita nyuma ya gari, na hilo kijiti hakiwezi. Lakini lenzi zake nyingi ni pana, umbali zinaudanganya vilevile kama saitimira, na tope la kinamo likiruka mara moja huoni tena. Kwa hiyo hata ukiifunga, kamba usiitupe.