Maswali ya Jikoni: Samoni Hataki Mafuta Mengi

Samoni namkaanga kama nguru: namlaza kwenye ndimu na kitunguu saumu nusu saa, kisha mafuta ya moto. Kila mara anatoka mkavu, tena anatoa ute mweupe kama yai lililoganda. Nakosea wapi?
*Msomaji, Mombasa*

Nguru anayavumilia hayo, samoni hapana. Samoni wa kufugwa, ambaye ndiye anayejaa madukani, ana mafuta yapatayo gramu 13 katika kila gramu 100 za mnofu. Mafuta hayo ndiyo yanayomfanya awe laini, na ndiyo pia sababu ya kutomtumbukiza kwenye karai. Kijiko cha chai kimoja cha mafuta kinatosha vipande viwili.

Ule ute ni protini. Nyama ikipigwa na moto mkali hujikaza na kukamua maji yake, na protini iliyomo huganda ikifika juu. Hauna madhara, lakini ukiuona unatoka kwa wingi ujue samaki ameshapitiliza. Ili uupunguze, koroga vijiko vikubwa 4 vya chumvi katika lita 1 ya maji baridi, loweka vipande dakika 10 hadi 15, kisha vitoe. Baada ya hapo usiongeze chumvi. Ndimu kamulia mezani: nusu saa yote ndani ya ndimu huivisha nyama ya juu kabla haijaona moto.

Sasa kukaanga kwenyewe. Parua ngozi kwa mgongo wa kisu, halafu ikaushe kwa karatasi ya jikoni mpaka karatasi isilowe tena. Ngozi yenye maji huchemka badala ya kukauka, na ndiyo inayonata. Kikaango kikipata moto wa wastani, laza samaki ngozi ikiwa chini na umbonyeze kwa mwiko bapa kama sekunde 10, kwa kuwa ngozi hujikunja inapoguswa na moto. Baada ya hapo usimchokoze. Ukijaribu kumwinua akakataa, ngozi haijawa tayari; ikishakauka itajiachia yenyewe.

Mtazame kwa ubavuni. Rangi iliyopauka itapanda polepole kutoka chini, na ile ya machungwa iliyokolea itabaki juu. Kwa kipande cha unene wa sentimita 2.5, rangi hiyo hufika robo tatu ya njia baada ya dakika 6 hivi. Hapo mgeuze, mpe dakika 1 au 2, epua. Mwenye kipimajoto akichomeke katikati ya mnofu: mamlaka za chakula za Marekani zinapendekeza nyuzi 63 za Selsiasi. Sisi huepua kwenye 60 na kumwacha dakika 3, maana joto huendelea kupanda nje ya moto. Pima tena kabla ya kupakua. Usipokuwa nacho, ingiza ncha ya kisu na uizungushe kidogo: nyama ikiachana mapande mapande bila kung'ang'ania, ameiva.

Naishi Uingereza, ghorofani, mkaa siwezi kuwasha. Je, samoni wa kupaka anawezekana kwenye oveni?
*Msomaji, Leicester*

Anawezekana, ila moshi wa mkaa utaukosa, hilo hatuwezi kukuficha. Vipande 4 vinataka tui jepesi mililita 200, punje 3 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko kikubwa 1 cha ukwaju mzito, pilipili mbichi na chumvi. Tui zito liache: samoni ana mafuta yake, na mkiyakutanisha mawili hayo rojo litaelea mafuta.

Rojo lipikwe kwanza, peke yake. Wengi humwagia samaki tui bichi wakitumaini vyote vitaiva pamoja; tui linapokuja kushika, samaki amekuwa ubao. Chemsha rojo kwa moto mdogo bila kufunika, ukikoroga, mpaka ligande mgongoni mwa kijiko. Ni kama dakika 10. Washa oveni nyuzi 200. Paka samaki rojo jembamba, mwoke dakika 8. Mpake tena kwa ukarimu, kisha washa moto wa juu dakika 2 au 3 mpaka rojo lianze madoa ya kuungua. Madoa hayo ndiyo yanayokaribia ladha ya jiko la mkaa. Lililobaki peleka mezani pamoja na wali.

Nanunua samoni wa friza aliyefungwa kwenye nailoni iliyonyonywa hewa. Nimyeyushe humo humo?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana. Toboa au ondoa nailoni kwanza. Kuna bakteria wa sumu ya botulini wanaopenda mahali pasipo hewa, na aina yao inayopatikana kwa samaki huweza kukua hata kwenye ubaridi wa friji. Mweke kwenye sahani, mfunike, alale ndani ya friji usiku kucha. Ukiwa na haraka, mhamishie kwenye mfuko usiopitisha maji na umzamishe kwenye maji baridi nusu saa hadi saa moja, kisha mpike hapo hapo. Maji ya moto hulegeza nyama ya nje huku kati kukiwa bado barafu.

Ni kweli rangi yake ni ya kutiwa?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hupitia kwenye chakula. Samoni wa baharini hupata rangi hiyo kwa kula kamba na viumbe wadogo wenye astaksanthini; wa kufugwa huwekewa astaksanthini kwenye chakula chake. Rangi iliyokolea haikuambii kama samaki ni mbichi kweli. Mnuse, na umbonyeze: kidole kikiacha shimo, mrudishe.

Bei yake inanishinda, lakini daktari amesema nile samaki wenye omega-3.
*Msomaji, Tanga*

Basi nunua kibua. Naye ana omega-3 kwa wingi, na mbinu ya kukausha ngozi na moto wa wastani inamfaa vilevile. Kwa kuwa ana miba mingi, mchome mzima, umpasue mezani.