Re: Roketi yangu ya mota F imegeuka kichwa chini, nijaribu tena ufuoni Nyali?

Ndugu yangu, mapezi makubwa zaidi siyo dawa ya kwanza. Anza na uzito wa mbele. Ukiwa umeshatia mota na parachuti, ibalansi roketi kidoleni: kitovu cha uzito (pale inapotulia) kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (pale nguvu za hewa zinapokutana kwenye roketi), angalau kwa kipenyo kimoja cha bomba. Kama hakifiki, tia udongo wa kufinyanga puani.

Halafu soma mota yenyewe. Kwa mfano, F15 ina maana msukumo wa wastani wa niutoni 15. Msukumo huo wa mota uwe mara 5 ya uzito, kwa hiyo roketi nzima isizidi gramu 300 hivi. Ikizidi, inatoka kwenye fimbo ya kurushia polepole na upepo unaichezea itakavyo.

Nyali mimi naikataa. Kusi inatoka baharini, nayo roketi huelekea upepo unakotoka: itapanda juu ya maji, kisha parachuti iirudishe kwenye paa za watu. Tafuta uwanja wa wazi bara, mbali na ufuo, asubuhi mapema. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga usikiruke, ndege za uwanja wa Moi, Mombasa, zinashuka kila saa.