Kabla hujapima RANTES, ulizia tyubu ya damu

Mara ya kwanza kupima RANTES, protini ya damu ambayo siku hizi jina lake rasmi ni CCL5, kwa ELISA (kipimo kinachonasa protini kwa kingamwili na kuionyesha kwa rangi), nilikaribia kushangilia. Wenye afya niliowachukua kwa kulinganisha walikuwa na kiwango cha juu mno kuliko wagonjwa, nami nikaanza kutunga maelezo kichwani. Mwenzangu wa maabara akauliza swali moja tu: "Hawa walitolewa damu kwenye tyubu gani?" Wagonjwa, kifuniko cha zambarau, yaani plazma ya EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Wenye afya, kifuniko chekundu: seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Nikanyamaza.

Iko hivi. Kemokini hii, yaani protini inayoita seli za kinga, imejaa ndani ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Damu ikiganda, chembe hizo huimwaga, na seramu ya mtu asiyeumwa chochote inaweza kufika makumi ya maelfu ya pikogramu kwa mililita. Plazma iliyoandaliwa vizuri huwa chini sana. Kumbe nilikuwa napima kuganda kwa damu! Sahani ya ELISA yenyewe, ile yenye visima vidogo vya kupimia, haikuwa na kosa: kingamwili ya chini ilinasa, ya juu ikafunika, rangi ikatoka bluu ikawa njano, mashine ikasoma kwenye nanomita 450. Hata visima pacha vilikubaliana, ndiyo maana sikushtuka.

Siku hizi nachukua plazma peke yake na kuizungusha mara mbili kwenye sentrifuji. Kwanza, ndani ya nusu saa tangu damu itoke, 1,000 g (yaani nguvu mara 1,000 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 15. Nahamisha plazma bila kutamani lile tone la mwisho lililokaa juu ya seli, halafu 10,000 g kwa dakika 10 kwenye ubaridi. Mzunguko huu wa pili ndio watu huuruka. Ukiuruka, chembe sahani zilizobaki zitapasuka ukigandisha na kuyeyusha, na RANTES yake yote itaingia kwenye hesabu yako. Ufanye kabla ya friza. Baada ya hapo umechelewa. Halafu hakikisha mashine yako umeiwekea g, si mizunguko kwa dakika. Nimeshaona watu wazoefu wakichanganya.

Sampuli iliyopita standadi ya juu kabisa (standadi ni zile za kiwango kinachojulikana, za kulinganishia), izimue uirudie. Usirefushe mchoro wa standadi kwa kukisia.

Jambo jingine dogo: maelekezo yakisema "joto la chumba", yanamaanisha nyuzi 20 hadi 25 hivi. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, kiyoyozi kimezimika, si hicho. Rangi hukimbia, na visima vya pembeni hutangulia vya katikati. Siku ya namna hiyo mimi huahirisha.

Zile seramu za mwanzo bado ziko kwenye friza. Kuna mwenzangu anazitaka kwa kipimo kingine. Nimempa, ila juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: SERAMU.