Pikapu inayokula mafuta kuliko zamani: anza na magurudumu kabla ya kushusha pampu

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Pikapu ya dizeli, dabo kebini, zamani ilikupa kilomita 11 kwa lita, sasa inacheza kwenye 8. Haitoi moshi wa ajabu, asubuhi inawaka kwa funguo moja, na fundi ameshakwambia pampu ya dizeli imechoka, ishushwe pamoja na nozeli zote (vinyunyizio vya mafuta kwenye injini). Usishushe kitu bado. Nimeendesha pikapu za kazi kwa miaka mingi, za petroli na za dizeli, na nimeona zaidi ya mtu mmoja akifumua pampu halafu gari likaendelea kunywa vile vile.

Kwanza tuhakikishe hiyo 8 ni 8 kweli. Namba inayoandikwa kwenye dashibodi ni makadirio ya kompyuta, na mara nyingi inalipendelea gari. Jaza tenki, mkono wa pampu ukikata acha hapo hapo, usiongeze. Andika kilomita. Tembea mizunguko yako ya kawaida mpaka tenki likaribie kuisha, rudi kituo kile kile, simamisha gari pale pale, jaza tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa matenki kadhaa, maana tenki la pikapu ni pana na gari likilalia upande mmoja kidogo tu linapokea kiasi tofauti. Tenki moja halithibitishi kitu.

Halafu hujasema kama ulibadilisha saizi ya matairi. Odometa haioni barabara, inahesabu mizunguko tu. Mtu akitoka 265/70R16 akaweka 265/75R16, kipenyo kinapanda kutoka milimita 777 hadi 804, yaani kama asilimia 3.4. Kilomita 100 zikisomeka, gari limetembea zaidi ya 103. Kwa hiyo sehemu ya unachokiita kushuka inaweza kuwa hesabu tupu. Sehemu nyingine ni halisi, kwa sababu matairi ya meno makubwa ya matope ni mazito na hayataki kuviringika kwenye lami. Yule anayeishi mjini na matairi ya matope kwa ajili ya sura, hilo ni chaguo lake, ila asimlaumu fundi wa pampu.

Upepo wa matairi kila mtu ataushauri, na ni kweli upimwe, matairi yakiwa ya baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni (angalia, pikapu nyingi zina kiwango cha tupu na kiwango cha mzigo). Lakini tusidanganyane. Makadirio ya Wizara ya Nishati ya Marekani ni kama asilimia 0.2 ya mafuta kwa kila psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye matairi yote. Ukiwa chini kwa psi 10 umepoteza kama asilimia 2. Kutoka 11 hadi 8 ni zaidi ya robo. Upepo peke yake haukufikishi huko.

Kinachoweza kukufikisha ni breki. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hakuna taa itakayowaka, hakuna moshi, na gari linawaka na kuvuta kama kawaida, ila linaburuzwa. Pikapu yangu mojawapo ilinifanyia hivyo. Nilichokifanya ni kuendesha umbali wa kutosha kwenye barabara nyoofu bila kugusa breki sana, nikasimama taratibu, nikazunguka gari nikisogeza kiganja karibu na kila rimu. Usishike, sogeza tu. Tatu zilikuwa na uvuguvugu. Ya mbele kulia ilikuwa inarudisha joto usoni. Nikainyanyua kwa jeki, gia nyutro, nikalizungusha gurudumu kwa mkono: likasogea kidogo likasimama palepale. Gurudumu la breki ya diski lisilo na tatizo linakwaruza kidogo, ndiyo, lakini ukilisukuma linaendelea lenyewe kabla ya kusimama.

Kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ilipotolewa, pini zake za kutelezea hazikuwa zinateleza tena. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, maji na vumbi vimeingia, na grisi imekuwa ngumu kama lami. Pedi ya ndani ilikuwa imebaki karatasi, ya nje bado nene. Hiyo tofauti ya unene ndiyo alama ya kutafuta hata kabla ya kugusa pini. Tulizisafisha mpaka chuma kikaonekana, tukaweka mipira mipya na grisi ya breki inayovumilia joto. Msimruhusu fundi apake grisi ya kawaida ya beringi hapo, inavimbisha mpira na mtarudi kule kule. Siku ile ile nilihisi gari limekuwa jepesi: kuna mteremko mdogo ambao nilikuwa nalazimika kuupa mafuta, sasa likawa linateremka lenyewe.

Nyuma ambako pikapu nyingi zina dramu, mshukiwa ni waya wa hendibreki. Tope likiingia kwenye ganda lake, waya unavuta vizuri lakini haurudi wote. Unaachia mkono, viatu vya breki vinabaki vimegusa dramu. Nyanyua nyuma, achia hendibreki, zungusha.

Kama pikapu yako ni fo-wili ya kuingiza kwa mkono, angalia hab za mbele, yaani vifungio vinavyounganisha magurudumu ya mbele na ekseli. Zikibaki zimefungwa, ekseli za mbele, difu na propela shafti vinazungushwa bure siku nzima. Na kama mtu ameiacha kwenye fo-wili kabisa halafu mnatembea kwenye lami kavu, hapo ni balaa zaidi, kwa sababu mfumo wa aina hiyo hauna difu ya katikati. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yanagombana kwenye kila kona, na mafuta yanalipia ugomvi.

Kuna kipimo cha bure kwa haya yote. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, fika 60, weka nyutro injini ikiendelea kuwaka, uone gari linafika wapi kabla ya kushuka hadi 20. Rudi kwa upande wa pili ufanye tena, ili upepo na mteremko visikudanganye. Andika. Rekebisha breki, rudia. Umbali ukiongezeka sana, umeshampata mwizi na hujafungua boneti.

Mzigo nitaupitia haraka. Bampa la chuma, keria, boksi la zana, tairi la akiba la pili: kila kimoja kiliongezwa kwa siku yake na hakuna aliyevijumlisha. Uzito unaumiza zaidi mjini, kwenye kusimama na kuondoka. Kwenye safari ndefu kinachoumiza ni hewa, maana ukinzani wake unakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 90 ukaenda 110, nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma imeongezeka karibu nusu. Keria tupu juu ya kebini inalipwa kila kilomita. Na wale wanaotembea na geti la nyuma la bodi likiwa wazi eti upepo upite, wanajichosha. Likifungwa, hewa inazunguka ndani ya bodi na kutengeneza kama mto, hewa ya juu inapita juu yake. Lifunge.

Jambo la mwisho kabla ya boneti: je, kazi ya gari imebadilika? Injini ya dizeli ya pikapu ikinguruma bila kutembea inatumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, AC ikiongeza. Chukua siku ya kilomita 80. Kwa 11 kwa lita ulihitaji lita 7.3. Sasa dereva awe anasubiri na injini ikiwaka jumla ya saa mbili, tuseme lita 1.5. Jumla 8.8, na hesabu yako imeshuka hadi 9 na kidogo bila gari kuugua popote. Kama gari limepata dereva mpya au foleni mpya, anzia hapo.

Sasa fungua boneti, na uende kwanza kwenye thamostati. Mafundi wengi wana tabia ya kuitoa kabisa na kuitupa ili gari lisichemke. Gari halichemki, ni kweli, lakini pia halipati joto lake. Thamostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Isipokuwepo, au ikikwama ikiwa wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, oili inabaki nzito, na kompyuta inaendelea kupima mafuta kwa hesabu ya injini baridi. Tazama geji ya joto: ikichelewa kupanda, au ikishuka ukiwa kwenye mteremko mrefu, hiyo ndiyo dalili. Mashine ya kusoma makosa inaweza kuonyesha P0128, namba ya kosa la injini kutofika joto lake, ila pia inaweza isionyeshe kitu. Ukiitoa, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa moto, uone inafunguka lini. Ikiwa wazi ndani ya maji baridi, umemaliza ubishi.

Filta ya hewa inasifiwa kupita kiasi. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2009 ikionyesha kwamba kwenye magari ya petroli yenye kompyuta, filta chafu haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, iliua kasi ya kuondoka tu. Magari ya zamani ya kabureta ndiyo yalikuwa na shida hiyo. Badilisha filta kwa ajili ya afya ya injini. Kwenye dizeli ya tabo mimi naangalia zaidi mabomba ya mpira kati ya tabo na intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini). Yakipasuka au klipu ikilegea utaona utando wa oili pale panapovuja, utasikia mluzi ukikanyaga, na mara nyingi moshi mweusi ukipanda kilima. Hewa inapotea, nguvu inapungua, mguu unakanyaga zaidi.

Kama dizeli yako ni mpya mpya yenye filta ya masizi kwenye ekzozi, jua kwamba inajisafisha kwa kuchoma mafuta ya ziada. Safari fupi fupi zikiikatisha katikati, inaanza upya kila mara. Chungulia kijiti cha oili: oili ikipanda juu ya alama na kunuka dizeli, ndiyo hiyo.

Mwisho kabisa ndiyo nozeli na pampu. Sisemi hazichoki. Ila pampu iliyochoka na nozeli zinazorudisha mafuta mengi kwa kawaida hujionyesha kwenye kuwaka kwa shida, na yako inawaka kwa funguo moja. Mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ukishuka, vivyo hivyo. Kama gari ni la komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa), mwambie fundi afanye kipimo cha marejesho mbele yako: chupa moja kwa kila nozeli, mirija ya kurudisha mafuta inaelekezwa humo, injini inawashwa dakika chache. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake ndiyo nozeli mbovu, unabadilisha hiyo. Zikiwa sawa na kiasi kikiwa ndani ya kiwango cha mtengenezaji, hana sababu ya kuzishusha. Akikataa kupima, tafuta fundi mwingine.

Ukirudi hapa tuambie mambo matatu: saizi ya matairi iliyopo na ya kiwandani, rimu ipi ilikuwa ya moto, na geji ya joto inakaa wapi ukiwa kwenye mwendo wa 80.