Flaitrapu yako haifi njaa, inakufa kwa maji ya bomba

Kila nikiposti picha ya flaitrapu (Venus flytrap), ule mmea wangu unaokula nzi, napata swali lile lile, unaupa nini, nyama? Jamani msiupe nyama. Mimi wa kwanza niliuua, wa pili nikautupa ukiwa mzima kabisa, huu wa tatu sasa una miaka mitano, kwa hiyo naongea yaliyonikuta.

Wa kwanza niliununua supamaketi hapa London, pauni chache tu. Nikauweka dirishani jikoni, nikawa naumwagilia maji ya bomba kila nikiosha vyombo. Wiki za mwanzo poa. Halafu ukagoma kutoa majani mapya, yaliyokuwepo yakaanza kuwa meusi, mimi nikajua ni njaa hiyo, nikaukatia kakipande ka kuku nikakaweka kwenye mtego. Baada ya siku chache mtego ukaoza na kunuka, na haikufika miezi miwili mmea wote kwisha.

Sasa wewe unayeishi London hebu chungulia ndani ya birika lako. Ule ukoko mweupe unaoganda chini mpaka uutoe kwa siki, ndio huo huo uliokuwa unajikusanya kwenye kopo la mmea wangu. Flaitrapu asili yake ni Carolina ya Kaskazini na ya Kusini kule Marekani, inaota kwenye ardhi ya majimaji, mchangamchanga, yenye tindikali na isiyo na rutuba, ndo maana ikawa inakamata wadudu. Yaani nzi kwake ni kama mbolea, chakula chenyewe inajitengenezea kwa jua kama mchicha tu. Mizizi iliyozoea umaskini ule ukiipa maji ya chokaa kila siku unaiunguza taratibu, na ukitia mbolea ndo unamaliza kabisa.

Kwa hiyo maji ni ya mvua au yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, yale maji safi ya dukani yasiyo na madini. Ya chupa ya kunywa hapana, mengi yana madini. Kuchemsha maji ya bomba peke yake pia hakutoshi, chumvi nyingi zinabaki humo humo. Mimi naweka beseni kwenye baraza mvua ikinyesha, na nina kale kakipimo ka kupima madini kwenye maji, ya bomba kwangu yalisoma 310 ppm (sehemu kwa milioni), ya beseni 8. Ukikaa chini ya 50 uko salama. Kopo liwe la plastiki, kaa mbali na vyungu vya udongo maana vinatoa madini, ndani weka piti (mboji ya kinamasi) na perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi) tupu (udongo wa bustani hapana!), chini weka sahani yenye maji sentimita moja au mbili, mmea utanyonya wenyewe. Na jua, jua kweli kweli, sio mwanga wa sebuleni.

Kulisha sasa. Ukiacha nje unajilisha wenyewe, hilo ndo jibu fupi. Ila kaa siku moja uuangalie kwa karibu, ndani ya kila upande wa mtego kuna vinywele kama vitatu hivi, vyembamba, nzi akigusa mara moja hakuna kitu, akigusa tena ndani ya sekunde kama 20 unafunga. Tone la mvua haliudanganyi kirahisi. Na ukishafunga bado haujaanza kula, unasubiri kusikia mdudu anahangaika humo ndani, ndo unajibana kabisa na kutoa maji ya kumeng'enyea, kazi ya wiki nzima hivi mpaka ufungue tena. Ndo maana kipande changu cha kuku kilioza, kile hakihangaiki, halafu kina mafuta. Mtoto wangu alikuwa anapenda kuichokoa mitego kwa kijiti, nikamkalisha nikamwelewesha kwamba kila mtego unaweza kula mara chache tu katika maisha yake halafu unakauka, kufungwa bure ni nguvu inapotea. Sasa ndo yeye anayewakataza wageni.

Wa pili ndo unaniuma mpaka leo. Ilikuwa Januari, majani yamesinyaa, meusi, mitego haifungi, nikatupa. Kumbe ulikuwa umelala! Flaitrapu inahitaji baridi miezi mitatu minne, chini ya nyuzi 10 hivi, kuanzia Novemba mpaka Februari inajikunyata, mwezi wa tatu inachipua upya. Huu wa sasa naulaza nje barazani, maji napunguza, udongo ubaki na unyevu tu. Ukiona kopo kama limekufa, chimbua kidogo kwa kidole, kile kishina cha chini kama kitunguu kikiwa cheupe na kigumu uache.

Mlioko Dar na Mombasa mnaoniuliza, kusema kweli flaitrapu itawatesa kwa sababu hiyo hiyo ya baridi. Joto lenu linapendwa na nepenthesi, mmea mwingine unaokula wadudu, ule wa mitungi inayoning'inia, hasa aina za mabondeni kutoka Asia ya Kusini Mashariki, na hata Shelisheli wanayo yao pale Mahé. Nyanda za baridi jaribu drosera ya Rasi kule Afrika Kusini, Drosera capensis, yenye matone ya kunata kama gundi, hiyo hailali na ni ngumu kufa. Mkitafuta maji yaliyosafishwa kwenye maduka ya spea, yale ya kuongeza kwenye betri za magari, angalieni sana, mtu asije akauziwa asidi ya betri.

Na msinunue maji kabla hamjaangalia nyumbani. Mama yangu Tanga ana tangi linajaa masika yote, maji ya mvua tele, anafulia.